Doa la Katikati

Kazi inayonilisha ni kufuta madoa. Nina studio ya picha karibu na stendi ya Bariadi, chumba kimoja chenye pazia la bluu, stuli na taa mbili. Mtu anakaa, anakunja uso kama anayesubiri sindano, napiga picha za paspoti, halafu kwenye kompyuta namwondolea chunusi, weusi wa chini ya macho, alama za tetekuwanga. Sifuti kila kitu. Niliwahi kugombana na msichana aliyetaka nimpunguzie pua kwenye picha ya kitambulisho. Nilimwambia aende akaipunguze kwanza mwenyewe, ndipo arudi. Hajarudi. Nina ulimi, najua, na miaka hamsini na miwili haijaupunguza makali.

Basi watu wakisikia kwamba kabla ya kufungua studio huwa niko uani natafuta madoa kwenye jua, wanacheka. Mchana kutwa nawafutia wenzangu ya kwao, asubuhi nalichungulia jua kutafuta ya kwake.

Darubini yenyewe, kwa haki, si yangu. Iliingia studio mikononi mwa mwalimu mmoja wa fizikia aliyetaka nimsaidie kuifunga kamera nyuma yake. Ni bomba jeupe la urefu wa mkono, na lenzi yake ya mbele inaenea kiganjani. Tulihangaika nayo Jumamosi tatu, tukachonga mpira wa bomba la maji ukawa kiunganishi, na Jumamosi ya nne mwalimu akapata uhamisho. Alisema nimtunzie mpaka atakapopata gari la kuja kuichukua. Miaka imepita. Hajauliza, nami simkumbushi.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa ni kuogopa. Mbele ya darubini, pale mwanga unapoingilia, hufungwa karatasi nyembamba inayong'aa kama fedha, ambayo inazuia karibu jua lote na kupitisha chembe tu. Mwalimu aliivua, akaelekeza bomba juani, akaweka kipande cha gazeti kwenye tundu la kuchungulia. Gazeti lilifuka moshi kabla sijamaliza kuuliza anafanya nini. "Hilo ni jicho lako," alisema. Tangu siku hiyo, kila asubuhi naishika ile karatasi juu, naikagua kama kuna tundu hata la ncha ya sindano, ndipo naifunga na kuikaza kwa gundi ya karatasi. Kwa jicho langu mimi nilikuwa mwangalifu sana. Naliandika hili mapema ili mtu asije akasema sikujua.

Kupiga picha za jua ni kazi ya asubuhi. Kufikia saa nne mabati ya majirani yameshapata moto, hewa inacheza juu yake, na ukingo wa jua unatetemeka kwenye kioo cha kamera kama uji unaotokota. Kwa hiyo saa mbili niko uani, nimejifunika kitenge kichwani pamoja na kamera, kwa sababu bila giza la kitenge huwezi kuona kioo. Jua linakuwa sahani nyeupe iliyofifia kidogo pembeni. Ukipata dakika ambayo hewa imetulia, unaona uso wake si laini hata kidogo. Una punje punje, kama wali uliopikwa ukachambuka, na hapa na pale kuna doa: katikati jeusi, kuzunguka weusi huo kuna kijivu chenye nyuzi nyembamba. Mengine ni makubwa kuliko dunia yote tunayoikanyaga. Narekodi video fupi yenye picha mamia, kompyuta inachagua zile chache zilizotulia na kuzilaza moja juu ya nyingine, na mwisho unapata picha moja tu. Wakati mwingine hupati hata hiyo.

Mkulima mmoja wa pamba kutoka Dutwa alinikuta nimejifunika hivyo. Alikuwa amekuja kupigwa picha mapema ili awahi basi la kurudi. Alizunguka uani, akaniona, akasimama mbali.

"Mama, kumbe ni wewe unayelishikilia jua?" aliuliza. "Liachie hata siku mbili. Pamba yangu inaungua."

"Lete kuku," nilimjibu ndani ya kitenge.

Siku ya tatu mvua ilinyesha. Siku ya nne nililetewa kuku. Sikuona sababu ya kumkataa.

Lakini kabla sijajivuna sana, nieleze aibu yangu. Mwanzoni kabisa nilipata doa zuri, la duara, jeusi, upande wa kulia kidogo. Nilipiga picha siku tatu mfululizo, nikazituma kwenye kundi la simu la watu wanaopenda mambo ya anga, nikaandika maelezo marefu. Mtu mmoja wa kundi hilo, mpole kuliko ninavyostahili, aliniuliza kama nimejaribu kuisogeza darubini kidogo ili jua lihame kwenye picha. Nikaisogeza. Jua likahama. Doa likabaki pale pale. Lilikuwa punje ya vumbi juu ya sensa ya kamera yangu, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Mimi, ninayesafisha kamera za nusu ya wapiga picha wa harusi wa mkoa huu, nilikuwa nimetangaza vumbi langu kuwa kitu cha mbinguni.

Nilijifungia studio nikacheka peke yangu, kisha nikaandika ukutani kwa kalamu nene: DOA LISILOHAMA NA JUA NI LAKO. Wateja wanadhani ni maneno ya dini.

Sasa baba yangu.

Baba anaishi upande wa Nkololo, kwenye boma alilojenga mwenyewe, pamoja na mdogo wangu na mkewe. Ni mfugaji. Ng'ombe wake anawajua kwa sura, kila mmoja, na kwake mtu anayemtambua ng'ombe kwa alama ya sikio ni kama mtu anayemtambua mwanawe kwa shati. Ananiita mayu, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Hata akinikaripia ananiita mayu, na ukitaka kujua ugumu wa kugombana na baba yangu, jaribu kumjibu vibaya mtu anayekuita mama.

Nilijaribu, na nilifanikiwa. Siku ya mazishi ya mama nilikuwa nimeshika kamera. Watu wote waliniachia kazi hiyo, nami nilishukuru, maana mikono yangu isingejua la kufanya. Baba aliniambia niiweke chini. Nikamjibu, mbele za watu, kwamba bila picha baada ya mwaka hata yeye atausahau uso wa mama. Akasema, "Wewe unatuangalia kutokea nyuma ya mashine." Hatukugombana tena baada ya pale. Afadhali tungegombana. Nilikuwa naenda sikukuu kwa sikukuu, napiga simu mwezi kwa mwezi, naulizia mvua, naulizia ng'ombe, tunaagana.

Kuna desturi moja ya baba ambayo lazima niieleze. Kabla jua halijachomoza anatoka na kopo la maji, anasimama kwenye mlango wa zizi akielekea mashariki. Jua likitokeza anajaza maji mdomoni, anayapuliza mbele yake yakatawanyika, kisha anazungumza. Anawataja wazee wake waliotangulia mmoja baada ya mwingine, anataja ng'ombe, anataja watoto. Jua analiita lyuba, na anaongea nalo akiwa amelikazia macho. Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari, akisali ndani ya nyumba saa ile ile, na katika miaka yote ya ndoa yao sikusikia mmoja akimkatiza mwenzake. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba kwa nini asiinamishe macho kama watu wa kanisani. Alisema kumsalimia mtu ukiwa umeangalia pembeni ni kumdharau.

Kiangazi kimoja cha miaka hii ya karibuni, jua lilipokuwa limechachamaa kwa madoa, lilitokea moja kubwa kuliko yote niliyowahi kupiga. Liliingia ukingoni asubuhi ya Alhamisi. Jumamosi lilikuwa wazi kabisa, upande wa kushoto, pembeni. Mchana wake nilikwenda Nkololo kupeleka dawa za ng'ombe, na kwa sababu sikuwa na la kuzungumza na baba, nilitoa simu nikamwonyesha picha.

Aliisogeza mbali na uso, akaitazama kwa muda.

"Hiki ni nini?"

"Jua, baba. La leo asubuhi."

"Linaumwa?"

"Haliumwi. Lile ni doa. Huwa yapo, yanakuja na kuondoka. Hili ni kubwa kiasi kwamba jua likiwa chini, jekundu kwenye vumbi, mtu anaweza kuliona hata kwa macho matupu."

Nilisema hivyo. Ni kweli kwamba watu wameyaona madoa makubwa hivyo, na kiangazi kile vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa vilifanya jua lichomoze jekundu kama nyanya. Lakini nilikuwa namwambia mzee wa miaka zaidi ya sabini, asiyeinamisha macho, kwamba kuna kitu cha kutafuta mle ndani. Sikumwambia aangalie kwa muda gani. Sikumwambia lolote kuhusu gazeti lililofuka moshi.

Kesho yake, saa moja kasoro, simu yangu iliita. Ilikuwa namba ya baba. Katika maisha yangu yote baba hakuwahi kunipigia. Simu yake ndogo ya vitufe hukaa kwenye dirisha ikichajiwa na sola, na yeye huipokea tu, tena kwa mashaka. Niliipokea nikiwa nimeshajiandaa kusikia msiba.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia.

"Mwangaluka, baba. Kuna nini?"

"Nimeliona."

"Umeliona nini?"

"Doa lako. Lipo katikati kabisa. Jeusi, kama mbegu ya pamba."

Siwezi kueleza furaha niliyoipata bila kuonekana mtoto. Nilitoka uani bila viatu. Niliifunga ile karatasi mbele ya darubini, nikasubiri jua lipande kidogo, nikajifunika kitenge. Doa lilikuwepo. Lilikuwa pembeni, kushoto, mbali na katikati, pale pale linapopaswa kuwa siku ya nne tangu liingie.

Nilielewa saa ile ile. Hili ndilo ninalotaka lisomeke vizuri. Sikuelewa baada ya wiki mbili. Nilielewa nikiwa bado chini ya kitenge. Halafu nikaanza kujitafutia maneno. Nikajiambia darubini yangu ina kioo kinachogeuza kushoto kuwa kulia, na huenda baba anaona tofauti. Kugeuza huko hakuwezi kuleta kitu cha ukingoni mpaka katikati, mtoto yeyote mwenye sahani na punje ya mahindi anaweza kukuthibitishia. Nikajiambia macho ya mzee, umbali, moshi. Nikajiambia amesema katikati kwa maana ya ndani ya jua. Mteja akija na uongo wa namna hiyo studio namfukuza.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia mimi.

"Umeliona?"

"Nimeliona. Bado lipo."

Ikawa hivyo kila siku. Saa moja asubuhi napiga, anasema ameliona, kisha hatukati simu. Alianza kunieleza mambo. Ndama aliyezaliwa na miguu dhaifu, jinsi walivyomfunga vijiti. Jirani aliyelima mpaka kwenye njia ya ng'ombe. Siku ya sita alinisimulia alivyomwona mama yangu mara ya kwanza, kwenye ghala la kununulia pamba, akimfokea mpima mizani mpaka pamba ikapimwa upya. "Ulimi wako huo umeutoa kwake," alisema, na nikasikia anacheka. Nilikuwa sijamsikia baba akicheka tangu mazishi. Nilifungua studio nikiwa na furaha hata wateja wakashangaa. Kuna mmoja nilimfutia makunyanzi ambayo hakuniomba.

Doa langu liliendelea kusafiri. Jua linajizungusha, na madoa yanasafiri nalo kutoka ukingo huu mpaka ule kwa muda wa kama wiki mbili. Kulikuwa na asubuhi mbili ambapo doa la kwenye kamera lilifika katikati, na la baba lilikuwa katikati, na siku hizo mbili sikuwa na haja ya kujidanganya. Nilizipenda sana siku hizo. Kisha doa likaanza kuteremkia upande wa pili, likabanwa, likawa mstari, na asubuhi moja ukingo ulikuwa mweupe mtupu.

Nilipiga simu hata hivyo.

"Umeliona, baba?"

"Nimeliona," alisema. "Leo ni jeusi zaidi. Katikati."

Nilikuwa nimesimama ndani ya studio, nikitazama ukuta wenye maandishi yangu ya kalamu nene.

Jumapili hiyo nilikwenda Nkololo asubuhi na mapema. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake cha miguu mitatu. Nilipomkaribia hakunitazama. Alinigeuzia upande wa uso, kama kuku anayechunguza punje, na hakunisalimia mpaka nilipotoa sauti. Mke wa mdogo wangu alileta chai. Baba alinyoosha mkono, ukapita kando ya kikombe, akaurudisha taratibu kama aliyekuwa anafukuza nzi. Ng'ombe walikuwa wanatoka zizini. Alimwita ndama mmoja kwa jina la mwingine. Mdogo wangu alinitazama, nami nikatazama chini.

Nikamwomba afumbe jicho moja na kuangalia ukuta mweupe wa nyumba, aniambie anaona nini.

"Naona ukuta," alisema. "Unanipima kama mbuzi wa mnadani?"

"Twende hospitali, baba."

"Ng'ombe wana mchungaji?"

"Wanaye."

"Haya."

Kukubali upesi namna ile kulinitisha kuliko kikombe.

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimwangalia kwa mashine yake muda mrefu, jicho la kulia, la kushoto, akarudi kwenye la kulia. Alituambia kwamba nyuma ya jicho, katikati, pale mtu anapoonea nyuso na maandishi, kuna mahali pameungua. Kulia zaidi, kushoto kidogo. Pembeni yote ni pazima.

"Mzee, huwa unaangalia jua?"

"Tunasalimiana," alisema baba.

Daktari alitaka kucheka, akaona baba hachezi. "Kwa muda gani?"

"Zamani ilikuwa salamu tu. Siku hizi nimekuwa nakaa nalo mpaka machozi yatoke."

"Kwa nini siku hizi?"

Baba aliigeuzageuza kofia yake magotini. Daktari aligeuka, akanitazama mimi. Nikasema barabara ilikuwa mbaya, tumechelewa, kuna foleni nje.

Alisema baadhi ya watu hupata nafuu kidogo baada ya miezi, lakini kwa umri wa baba tusijipe matumaini makubwa. Nilimuuliza kama inawezekana kujua ameungua lini. Alisema hakuna awezaye kukuambia siku. Huenda mengine ni ya miaka mingi, mengine ya juzi. Alimkataza kabisa kuangalia jua, hata likichomoza, hata likiwa na wingu.

"Kwa hiyo nisilisalimie tena?" baba aliuliza. Daktari alisema anaweza kulisalimia akiwa amefumba macho. Baba alivaa kofia yake ya pama, akashukuru kwa adabu, wabeja, wabeja, na njia nzima ya kurudi aliishusha kofia mpaka machoni.

Baada ya hapo nilipiga simu kila asubuhi kama kawaida, na kila asubuhi alijibu mdogo wangu. Baba amelala. Baba anaoga. Wiki ya pili mke wa mdogo wangu aliichukua simu, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaniambia kwa kunong'ona, "Wifi, baba hatoki tena asubuhi. Jua linachomoza yuko ndani. Kopo lake nimelikuta lina buibui."

Nilifunga studio siku hiyo na kuifunga darubini ndani ya blanketi. Nilichukua pia kalenda ya zamani ya ukutani, ile ya karatasi nzito, nyuma yake ni nyeupe.

Kuna njia nyingine ya kuliona jua, ya zamani kuliko kamera. Unaivua ile karatasi ya fedha, unaacha mwanga wote upite kwenye darubini, usichungulie kabisa, ukaweka karatasi nyuma ya tundu la kuchungulia. Jua linajichora lenyewe juu ya karatasi, mduara mweupe wa ukubwa wa kisosi, na madoa yake yote. Nililala Nkololo, na alfajiri niliifunga darubini kwenye mlango wa zizi, nikaisimamisha kalenda nyuma yake, nikampiga marufuku mke wa mdogo wangu kusogea, nikasimama mimi mwenyewe kando ya tundu ili hata ng'ombe asichungulie. Kisha nikamwita baba.

Alitoka kwa sababu niliita kwa ukali. Nilimvalisha kofia, nikamgeuza mgongo kwa jua, nikamshika bega mpaka akasimama mbele ya kalenda. Jua lilipopanda juu ya miti ya mbali, mduara ulitokea kwenye karatasi, wa manjano kwanza, ukatakata polepole.

"Hilo hapo, baba. Lenyewe, la sasa hivi. Hili unaweza kulikazia macho."

Aliinama. Alilitazama moja kwa moja, halafu akageuza uso kushoto, akageuza kulia, akilitafuta kwa pembe ya jicho. Alinyoosha kidole, akakiweka katikati ya mduara, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Hili hapa ni la kwangu," alisema.

Kidole kikatembea juu ya karatasi, polepole, mpaka karibu na ukingo wa chini, kikasimama juu ya doa dogo ambalo hata mimi nilikuwa sijaliona.

"Na hili ni la kwake."

Kisha akaomba maji. Nilimletea kopo, nikiwa nimeliosha. Alijaza mdomo, akapuliza, na matone yakaanguka juu ya kalenda, na machache juu ya darubini ya mwalimu. Akawataja wazee wake. Akawataja ng'ombe. Akanitaja mimi kabla ya mdogo wangu, kwa sababu mimi ni wa kwanza. Akamtaja na mama, ambaye zamani hakuwa akimtaja pale mlangoni, maana alikuwa na wa kwake wa kumwombea.

Alipomaliza nilimwambia.

"Baba, siku ya kwanza uliponipigia, doa halikuwa katikati. Picha ninayo. Lilikuwa pembeni kabisa. Nilijua siku ile ile."

Alibaki ameinamia karatasi.

"Ulijua."

"Nilijua ni jicho lako. Nikanyamaza siku zote zile, nawe ukaendelea kuangalia. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na furaha."

Ng'ombe walikuwa wanasukumana nyuma ya mlango, wakitaka kutoka. Jua lilikuwa linateleza kwenye karatasi, kama linavyofanya usipoisogeza darubini, na nusu yake ilishatoka nje ya kalenda.

"Siku ya tatu niliangalia ugali," alisema baba, "nikaliona kwenye ugali. Nikamwangalia yule jike mweupe, lipo ubavuni mwake. Mayu, ni jua gani linaloingia kwenye ugali?"

Nilimtazama. "Sasa mbona hukuniambia? Mbona uliendelea kuliangalia?"

Alinigeuzia upande wa uso, ule anaonionea.

"Ulikuwa unapiga simu kila siku," alisema.